Nyimbo zikigoma kwa mwalimu wa kuimba: hivi kinachokwama ni nini hasa?

Kuna Jumamosi moja tulikuwa tunapiga kwenye harusi, ukumbi uko huku Sinza, mi nimesimama mbele naimba kopi, yaani wimbo wa msanii mwingine, ambayo nimeshaiimba pengine mara mia mbili, sikukosea neno, sikutoka nje ya kii (ile sauti ya msingi ya wimbo), watu wakapiga makofi ya adabu wakaendelea na pilau yao. Tuliposhuka jukwaani mzee wetu wa kinanda kakaa pembeni na soda yake, akaniambia taratibu, "Mwanangu, leo hujaimba. Leo umesahihisha." Nikacheka, maana mzee akikwambia kitu unacheka kwanza, alafu nikapanda bajaji kurudi nyumbani na humo kwenye bajaji ndo ikaanza kuniuma.

Wakati huo nilikuwa na miezi mitano sijatunga hata kiitikio. Na si kwamba sikuwa karibu na muziki, mbona nilikuwa nauogelea: Jumanne na Alhamisi jioni kwaya, mchana wanafunzi binafsi sebuleni kwangu, wikendi bendi. Muziki kutwa nzima alafu nikikaa mwenyewe na kinanda, kimya. Ukiwaambia watu umekwama wana dawa mbili tu, pumzika au sali, na zote sina ugomvi nazo, ila hazikwambii kimekwama nini. Fundi gari anayejua kazi hakubaliani na wewe tu kwamba gari limegoma, anakuuliza, ukiwasha linalia au liko kimya? Maana la kimya na la kulia ni magonjwa tofauti. Sisi watu wa kuimba tunasema "nimekwama" kwa vitu ambavyo havina hata undugu, ndo maana ushauri mwingi hausaidii.

Nianze na koo, kwasababu hapa walimu wengi tunajidanganya. Nyuzi za sauti za mwanamke hazifiki sentimita mbili kwa urefu, na ukiwa unaongea kawaida tu zinagongana kama mara 200 kwa sekunde (wanaume ni kama mara 110 au 120 hivi). Piga hesabu mwenyewe: ukijumlisha muda ambao sauti imetoka kweli ukapata saa moja tu kwa siku, hizo nyuzi zimegongana mara 720,000. Na mwalimu wa kwaya haongei tu, anaimba mfano wa soprano, anashuka kuwaonyesha tena, alafu anapaza sauti juu ya waimbaji wa besi ambao, naomba wanisamehe, hawajawahi kunyamaza wakati wengine wanafundishwa. Ukimaliza hapo nyuzi zimevimba kidogo, hauumwi, hujakauka sauti, ila mwili unajua.

Sasa cheki nilichokuja kugundua. Nilirudi kusikiliza voisi noti zangu zote za miezi ile, vipande vya melodi ambavyo nilikuwa nimevitupa naona havina maana, na karibu vyote vilikuwa vinatambaa kwenye re mi fa so, re mi fa so, hakuna kuruka, hakuna kupanda. Mi nilidhani akili imeisha ubunifu kumbe koo lilikuwa linajilinda, linaniletea melodi zisizoligharimu kitu, na mi nazisikiliza naona ni za kijinga. Kichwa kilikuwa kinalaumiwa kwa kosa la shingo.

Kujipima ni rahisi. Chukua wimbo wowote wa watoto, uimbe juu sana lakini kwa sauti ndogo mno, kama hutaki kuamsha mtu aliyelala. Kama inatoka hewa kwanza ndo sauti ifuate, au lazima usukume ndo itoke, basi nyuzi zimevimba na usitafute wimbo usiku huo, tafuta usingizi. Kukwaruza kukizidi wiki tatu nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, hapo siyo mambo ya ubunifu tena.

Na tuachane na yai bichi jamani. Kila kwaya ina mtu wake anayemeza yai bichi nje ya kanisa dakika tano kabla ya kuimba na anaapa linalainisha sauti, wakati ukimeza kitu chochote njia ya hewa inafungwa, yai linateremka njia ya chakula na nyuzi za sauti haziligusi kabisa. Tangawizi na asali hivyo hivyo, vinatuliza koo la juu, raha yake ni ya kweli, ila nyuzi zenyewe zinalowanishwa na maji uliyokunywa tangu asubuhi. Kunong'ona nako siyo kupumzisha sauti, wengi wakinong'ona wanabana koo kuliko hata wakiongea. Kinachofanya kazi kwangu ni mrija: mrija wa soda kwenye glasi yenye maji kidogo, unapuliza mapovu huku unaimba "uuu" unapanda na kushuka, dakika tatu nne. Ile presha ya maji inayorudi nyuma inafanya nyuzi zigongane kwa upole zaidi. Mwanasayansi wa sauti wa Marekani, Ingo Titze, ndo ameitangaza sana hii ya mrija. Majirani watakushangaa, waache.

Haya, tuseme koo ni zima, umelala, unapanda juu vizuri, na bado nyimbo hazitoki. Hapo ndo kwenye ile kauli ya mzee.

Kazi ya mwalimu wa kuimba ni nini? Kusikia kosa. Nikiwa mbele ya watu thelathini na mbili nasikia kuna mmoja kwenye alto, mstari wa pili, anaimba fa imeshuka nusu unywele, na namjua kwa jina kabla sijageuka. Hilo sikio limenichukua miaka kulijenga na nalilipwa. Shida ni kwamba halina swichi. Nikirudi nyumbani nikafungua mdomo kutafuta melodi, lenyewe lipo, linasikia noti ya kwanza linasema imeshuka, la pili linasema hii ulishaisikia kwa fulani, la tatu linasema kiitikio hakiwezi kuanza hivyo, na wimbo wenyewe una sekunde nne tangu uzaliwe. Hakuna mtoto anayeweza kutembea kwa mahakama ya namna hiyo.

Na hili siyo hisia zangu tu. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Charles Limb na Allen Braun, waliwaingiza wapiga piano sita wa jazi kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawapa kinanda kidogo humo humo wamelala, mara wapige kitu walichokariri, mara wabuni papo hapo. Wakibuni, sehemu za mbele na pembeni za ubongo, zile zinazohusika na kujichunga na kujisahihisha, zilipoa, na sehemu ya mbele katikati ikachangamka. Unaweza kusema ni watu sita tu tena wa piano, na ni kweli, mi mwenyewe nilisema hivyo. Ila mwaka 2012 Braun akiwa na wenzake wakafanya kitu kama hicho kwa marapa 12 wa fristaili, watu wa mdomo na maneno kama sisi, na picha ikaja inafanana: ukibuni mlinzi, yaani ile sehemu ya kujisahihisha, analegea, ukirudia ulichokariri mlinzi yupo kazini.

Kwahiyo mtu anayefundisha saa sita kwa siku anampa mlinzi mazoezi saa sita kwa siku. Alafu usiku anamwambia toka. Hatoki bana, ana misuli.

Kuna siku nilimwona huyu mlinzi kwa macho yangu, na hakuwa kwangu, alikuwa kwenye uso wa mtoto. Nina mwanafunzi wa miaka tisa, anakuja na mama yake, mama anakaa kibarazani na simu. Tulikuwa tunafanya zoezi la kushuka, so fa mi re do, kitu cha kawaida kabisa cha sofa (ile tonic sol-fa ya do re mi), herufi zile zile ambazo babu zetu walizipata kwa wamisheni na ambazo Mwingereza John Curwen alizisambaza karne ya 19 ili watu wa kawaida waweze kuimba bila kusoma noti za mistari, na kwaya zetu nyingi mpaka leo zinaishi kwa karatasi zake zenye nukta pacha. Mtoto badala ya kushuka kama nilivyomwonyesha akaimba so la so mi do. Alipanda kwanza kama anayetaka kuchungulia kitu dirishani alafu ndo akashuka, na akairuka fa, akairuka re. Kidole changu cha kusahihisha kilishanyanyuka. Sikio likachelewa kidogo, nadhani nilikuwa nimechoka, na katika kule kuchelewa nikasikia kwamba ni nzuri.

Nikamwambia, "Rudia hivyo hivyo."

"Samahani madam, nimekosea."

"Hujakosea, rudia ile ile."

Akaimba so fa mi re do. Safi kabisa, kwenye kii, kama kitabu. Nikamwomba tena, akarudia ile safi. Hakuweza kuirudia ile nyingine kwasababu alishaona kidole, kilichokuwa kimetoka bila kujua kilishafungiwa ndani, na aliyefunga ni mi. Nilipotoka kwenda kumsalimia mama yake nilikuwa naimba kimoyomoyo isipotee, so la so mi do, so la so mi do, nikaitupia kwenye simu nikiwa jikoni. (Ukiitazama vizuri haina fa wala ti. Nyimbo nyingi za asili za huku bara zinazunguka kwenye sauti tano za namna hiyo, na Zoltán Kodály, mtunzi na mwalimu wa muziki wa Hungaria, alianzisha watoto kuimba kwa so na mi kwa makusudi kabisa. Kwahiyo mtoto hakukosea, alirudi nyumbani.)

Tangu siku hiyo nina sheria moja ambayo nimeishika kuliko zote. Nikirekodi kipande siruhusiwi kukisikiliza mpaka zipite siku tatu. Narekodi kwenye daladala, konda anaita Ubungo Ubungo, narekodi nikiosha vyombo, bila maneno, naimba tu "nana nana lee", na nikibonyeza stop nafunga simu. Sikio la mwalimu halijanyimwa kazi, limepangiwa zamu. Siku ya tatu linakaa na kalamu linasikiliza vipande kumi na tano na linaruhusiwa kuwa katili linavyotaka, na hapo katili ni msaada, linachagua viwili linafuta vingine. Kabla ya hapo wote wawili, anayetoa na anayekata, walikuwa wanagombania mdomo mmoja.

Na siku nyingine naimba vibaya kwa makusudi. Dakika tano, saa yangu ya jikoni inahesabu, naimba melodi mbaya kuliko zote ninazoweza, ya kuchekesha, nje ya kii, na mlinzi anachanganyikiwa kwasababu kosa limekuwa ndo kazi yenyewe. Mume wangu anaondoka sebuleni. Kwenye hizo dakika tano huwa kuna sekunde kama nane ambazo siyo mbaya.

Sasa kuna kukwama kwa aina nyingine ambako mlinzi hayupo kabisa, mlango uko wazi na bado hakuna anayetoka, kwasababu ndani hakuna mtu. Yaani huna cha kusema. Huku ndo naona vijana wengi wanateseka, amefunga chumba, amezima data, amewasha taa ya rangi, anasubiri. Anasubiri nini? Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa zamani, hakusubiri. Mtoto wa Fumba, Unguja, alianza kwa kutembeza vyungu vya mama yake akiviimbia, hakujua kusoma wala kuandika, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Ukiuliza kikundi chake kilitoa wapi nyimbo, jibu ni mtaani. Kesi za mahakamani, wizi, mauaji, nani kadhulumiwa na nani kalipa hongo akaachiwa, mambo yanayozungumzwa barazani mitaa ya Ng'ambo, Unguja, usiku wanakaa wanayajadili na kuyatilia maneno. Ghala lao lilikuwa nje ya nyumba, na lilijaa kila asubuhi.

Mi ghala langu lilikuwa limekauka kwasababu njia yangu ilikuwa nyumba, kanisa, ukumbi, na njiani nimeziba masikio na hedifoni nakariri kopi za Jumamosi. Nikatoa hedifoni. Wiki ya kwanza hakuna kitu, kelele tu. Wiki ya pili nikiwa natafuta dagaa, nikataja bei yangu, yule mama muuzaji akanitazama kwa huruma akasema, "Dada, hiyo bei ni salamu, biashara bado." Nikalipa bila kuomba punguzo, nilikuwa nahesabu vidole. Hi-yo-be-i-ni-sa-la-mu. Mizani nane kamili, kaitoa huku anafunga mfuko!

Nikaiongezea neno moja nusu ya pili nayo ikakaa nane, na nikajipangia beti ya mistari mitatu kama nyimbo za taarabu ya zamani, nane kwa nane, vina kati na mwisho:

Hiyo bei ni salamu, biashara bado mbali,
Nimebeba yangu hamu, mkononi sina mali,
Nirudie kwa awamu, unikopeshe kauli.

Siyo shairi la kumtikisa mtu, najua, ila angalia kilichotokea: dagaa zimegeuka mapenzi na mi sikukusudia. Nilikuwa natafuta tu neno linaloishia na "mu". Watu wanadhani vina na mizani ni minyororo, na siku hizi wengi wanaviona vya kizee, lakini kwa mtu aliyekwama ni msaada mkubwa na nadhani najua kwanini. Ukimwambia mlinzi hesabu nane, anahesabu. Ni mtu wa kusahihisha, mpe cha kusahihisha. Akiwa bize na vidole vyake mdomo unapita nyuma yake na kitu ambacho asingekiruhusu. Na pia ukiwa huru kuandika chochote una maneno laki na hujui uanze wapi, ukiwa unatafuta neno la silabi mbili linaloishia "mu" yamebaki machache, unachagua tu.

Kuhusu jukwaani nitasema kidogo, maana ni tatizo dogo kuliko linavyoonekana. Wimbo ukishauimba mara mia mbili mwili unauimba wenyewe, we unabaki huna kazi, na mwalimu asiye na kazi anaanza kukagua. Ndo kule kusahihisha alikokusikia mzee. Dawa yangu ni kubadilisha kitu kimoja ambacho kinanilazimisha kuwepo: nawaambia washushe kii nusu bila kufanya mazoezi, au naimba vesi nzima nikimwangalia mtu mmoja tu, mara nyingi yule bibi wa meza ya nyuma ambaye hakuna anayemhudumia. Bi Kidude, naye mwimbaji wa Zanzibar, aliimba nyimbo za Siti miaka na miaka mpaka uzeeni, na hakuna aliyemsikiliza akadhani anarudia kitu.

Kuna wanaoshauri kwamba ukitaka kutunga acha kufundisha. Kwanza kodi atalipa nani. Pili sikubaliani kabisa, maana so la so mi do nimeitoa darasani. Ila nakubali kwamba mwalimu ambaye hatungi anaanza kufundisha makosa tu, nilijiona, ile miezi mitano sidhani kama nilimwambia mwanakwaya yeyote "hapo umenigusa". Na wale wa bia mbili tatu kabla ya kutunga, sawa, pombe inamlegeza mlinzi, lakini inakausha mwili na inalegeza kalamu pia, asubuhi unakuta umeandika "mapenzi ni mapenzi" mara nne.

Jumamosi iliyopita bibi harusi kaenda kubadilisha nguo, emsii kaishiwa vichekesho, akatupa ishara tujaze. Sikuwaambia wenzangu kitu. Nikaanza peke yangu bila kinanda, hiyo bei ni salamu, kwenye ile melodi ya mtoto, na mzee akanyanyua kichwa, akatafuta kii kwa kidole kimoja, akaikuta iko F, akaanza kunifuata chini chini kama mtu anayetembea nyuma ya mtoto mdogo asianguke. Mpiga besi naye akaingia. Mstari wa tatu nikausahau wote, kauli sijui awamu, nikaimba "nana nana lee" mpaka mwisho na meza ya nyuma wakaitikia nana nana lee, wakidhani ndo kiitikio.

Alafu emsii akaita keki. Mzee hakusema kitu, aliniomba tu karatasi ya ule wimbo. Sikuwa na karatasi, nikamtumia voisi noti, ile ya jikoni, na kelele za sufuria zake zote.